Amekushawishi au Amekukubalisha? Kutengeneza Sentensi za "Persuade" Zinazogoma

Mzee mmoja alikuwa na ugomvi wa kiwanja na kampuni. Akaandika malalamiko yake kwa mkono, Kiswahili kilichonyooka, akaniletea niyatie kwenye Kiingereza. Katikati ya ukurasa wa pili kulikuwa na sentensi hii: "Walinishawishi mara tatu nisaini, nikakataa." Nikaandika: "They persuaded me three times to sign, and I refused." Nikachapa, mzee akalipa, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye akarudi na majibu. Kampuni haikuwa na maneno mengi. Ilisema kwamba mlalamikaji mwenyewe amekiri kukubali kusaini mara tatu, kwa hiyo inaomba nakala za nyaraka hizo tatu alizosaini. Mzee hakukaa hata kwenye kiti. "Mwanangu," akasema, "mimi nimesaini lini?"

Kosa halikuwa la kwake. Lilikuwa langu, na tangu siku hiyo nakitafuta kitenzi hiki, "persuade", kwenye kila karatasi inayopita mezani kwangu kama fundi anayetafuta pancha ndani ya karai la maji. Dalili zifuatazo ndizo ninazokutana nazo sana kwa watu wanaofikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Nyingine ni za kurekebisha kwa herufi moja. Ya kwanza ndiyo yenye kesi, nitakaa nayo muda.

Dalili: sentensi inasema umekubali, halafu inasema umekataa

Mifano ni mingi: "He persuaded me but I refused." "We persuaded the parents to bring the children but they did not agree." "I persuaded him for two weeks." Kwa Mswahili hakuna ubaya wowote hapo. Kwa msomaji wa Kiingereza, sentensi mbili za kwanza zinajipinga zenyewe, kama kusema "nilimuua lakini hakufa".

Chanzo ni kwamba "kushawishi" ni kazi, "persuade" ni matokeo. Mtu akikuambia "jana walikuja kunishawishi", bado hujui kilichotokea, itabidi umuulize: "Ukasemaje?" Kiswahili kimemwachia anayeshawishiwa nafasi ya kujibu. Akikubali tunaongeza neno: "akashawishika", "akakubali", "akalainika". Kiingereza kimefungia jibu humohumo ndani ya kitenzi. Ukisema "they persuaded me", hakuna haja ya kuuliza ulisemaje, umeshasema ndiyo.

Tabia hii ya Kiswahili haiko kwa kitenzi kimoja. Nenda nyumba yoyote yenye watoto wa shule, saa kumi na mbili asubuhi, utasikia: "Nimemwamsha, hataki kuamka." Hakuna anayeshangaa. Ukiigeuza neno kwa neno iwe "I woke him up but he didn't wake up", Mwingereza atashangaa. Tumezoea kitenzi kinachoeleza juhudi na kuacha mwisho wazi, na tunahamia nao.

Vipimo viwili vinatosha kugundua pancha. Cha kwanza ni kuongeza "lakini akakataa" mwishoni. Ikiwa unachotaka kusema kinakubali nyongeza hiyo, basi "persuade" peke yake siyo chombo chako. Cha pili ni muda. Ukijiona unaandika "for two hours", "every day" au "very much" baada ya kitenzi hiki, simama kidogo. Mara nyingi unaelezea juhudi, na juhudi ndizo zinazopimwa kwa saa. Matokeo hupimwa kwa namna nyingine: "It took two hours to persuade him", yaani saa mbili zilipita ndipo akakubali.

Matengenezo yenyewe ni rahisi. Weka "tried to" mbele: "He tried to persuade me but I refused." Au ubadilishe kitenzi kabisa. Mimi nimejiwekea vikapu viwili kichwani. Kikapu cha juhudi kina "urge", "advise", "encourage", "beg", "plead with", "press". Yeyote kati ya hawa anaweza kufuatiwa na "but I refused" bila ugomvi. Kikapu cha matokeo kina "persuade", "convince", "talk into", "coax", na upande wa kukataza "dissuade" na "talk out of". Hawa wakitajwa, mambo yamekwisha. Angalia "coax" hasa, kwa sababu kamusi nyingi zitakuandikia "bembeleza", na kubembeleza kwetu si lazima kufanikiwe. Mama anaweza kumbembeleza mtoto ale tangu mchana hadi magharibi na uji ukabaki vilevile kikombeni. Hapo hajam-"coax", amejaribu tu.

Sentensi ya mzee ilipaswa kuwa: "Three times they tried to persuade me to sign, and each time I refused." Maneno mawili madogo, "tried to", ndiyo yaliyokuwa yanatenganisha mtu aliyekataa na mtu aliyesaini.

Kuna ukingo mmoja wa kuangalia hapa, maana wanafunzi wakishaelewa kanuni huivuta kupita kiasi. "Persuade" inafika kwenye nia, haifiki lazima kwenye tendo. "I persuaded him to come, but the bus broke down" ni sentensi nzuri kabisa: alikubali, akafunga mzigo, basi likaharibika njiani. Kisichowezekana ni kukataa kwake. Ukitaka kusema kwamba tendo lenyewe lilifanyika, tumia "I got him to come" na hutaacha shaka.

Dalili: barua ya kazi inasema "I persuade you to consider my application"

Hii naiona kwenye barua za maombi, pamoja na nduguye "I hereby convince you that I am hardworking". Mwandishi alikuwa na "nawashawishi" kichwani, au aliogopa "I beg" akadhani inamshusha.

Mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, alilifafanua jambo hili vizuri katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955. Alitenganisha kile mtu anachokifanya kwa kusema, kama kushauri, kuonya au kuamuru, na kile kinachompata msikilizaji baada ya kusemwa. Kushauri naweza kukutangaza hapohapo: "I advise you", na tayari nimeshauri, hata ukiziba masikio. "Persuade" iko upande wa pili. Siwezi kutangaza kwamba nakukubalisha, kwa sababu kukubali ni kwako, mimi sina mamlaka nako. Ndiyo maana "I urge you" ni sawa na "I persuade you" haisimami.

Kwenye barua ya kazi, hata hivyo, usiweke "urge" pia. Inasikika kama mkubwa anamhimiza mdogo. Andika "I would be grateful if you would consider my application" na uache vyeti vifanye kazi ya kushawishi.

Dalili: "He persuaded me until I agreed"

Hii ni sentensi ninayoipenda, kusema kweli, kwa sababu ndani yake unausikia mlio wa Kiswahili chenyewe: "Alinishawishi, akanishawishi, mpaka nikakubali." Inaonyesha mtu anayechimba kidogo kidogo. Lakini katika Kiingereza "until I agreed" inakuja wakati makubaliano yameshafika, ni kama kusema mtu alifika hadi akafika.

Ukitaka kubaki na ule mchimbo, tumia kitenzi cha juhudi kwanza: "He kept at me until I agreed", au "He went on and on until I gave in." Ukitaka kifupi: "In the end he persuaded me." Na "He persuaded me and I agreed" haijavunjika, ila imevaa kofia mbili. Kata ya pili.

Dalili: mkia wa sentensi unalegea

"He persuaded me that I go." "She persuaded me so that I can buy." "They persuaded to leave." "He persuaded me to don't go."

Nyingi zinatoka kwenye ile -e yetu ya mwisho: niende, ninunue, nisiende. Kiswahili kinamtaja tena mtendaji ndani ya kitenzi cha pili, kwa hiyo mkono unatafuta pa kumweka yule "I". Kiingereza hakimtaki. Mtaje anayeshawishiwa mara moja, mara tu baada ya kitenzi, kisha "to" na tendo: "He persuaded me to go." Kukanusha ni "not to go", ile "not" ikitangulia. Unaweza pia kusema "He dissuaded me from going", na hapo angalia kwamba "dissuade" haitaki "to" hata ukiibembeleza.

Kosa la tatu katika orodha hiyo, la kumsahau kabisa mtu, linatokana na sisi kuwa na "ni" na "wa" zilizofichwa ndani ya neno. Walitushawishi: "tu" imo, haionekani, na mtu akihamisha anaiacha nyuma. "They persuaded us to leave."

"That" ina mahali pake, lakini ni pale unapozungumzia imani, si tendo: "She persuaded me that the price was fair." Hapo hakuna aliyeenda popote, ila kichwani kuna kitu kimebadilika.

Dalili: "I was not convinced with his answer"

Sasa tumeingia kwa jirani, "convince", na tatizo ni neno letu "na". Sikushawishika na majibu yake, niko na yeye, nilipigwa na mvua: "na" moja inabeba yote. Kiingereza kinagawa. Kilichokubadilisha kinachukua "by": "I was not convinced by his answer." Unachokiamini kinachukua "of": "I am convinced of his honesty." Ile "with" itupe.

Na pale watu wanapouliza tofauti ya "convince" na "persuade", jibu la walimu wa zamani lilikuwa kwamba "convince" ni ya akili na "persuade" ni ya miguu. Unam-"convince" mtu kwamba chanjo ni salama, unam-"persuade" aende kuchanjwa. Kwa hiyo "convince someone to go" ilionekana kosa. Lakini tangu katikati ya karne ya 20 watu, Wamarekani hasa, wamekuwa wakiisema na kuiandika, na kamusi za leo zinaikubali. Ushauri wangu: kama unafanya mtihani au unamwandikia mhariri mwenye mvi, fuata mgawanyo wa zamani, hautakudhuru kokote. Kama unasoma gazeti la Marekani na kuikuta, usiandike barua ya kulalamika.

Pia "convinced" ikisimama peke yake mara nyingi haina mshawishi yeyote nyuma yake. "I'm convinced he took the money" maana yake ni "mimi nina hakika kabisa kwamba yeye ndiye aliyechukua". Hakuna aliyekuja kukushawishi. Watafsiri wa haraka huandika "nimeshawishika kwamba alichukua pesa", na msomaji anabaki kujiuliza ni nani alimjaza maneno.

Dalili: mtu "amefungwa" kwa sababu aliamini

Nilishawahi kusoma taarifa iliyosema kijana mmoja "was convinced of theft and sentenced to six months". Kwa maana hiyo kijana aliaminishwa habari ya wizi, kisha akafungwa kwa kuamini. Neno lililotakiwa ni "convicted", kutiwa hatiani.

Kuyachanganya si ujinga, maana ni ndugu wa baba mmoja. Yote yanatoka katika Kilatini, "convincere", ambamo ndani yake kuna "vincere", kushinda. Katika karne ya 16 "convince" yenyewe iliweza kumaanisha kumtia mtu hatiani. Baadaye ndugu wakagawana urithi: mmoja akabaki mahakamani, mwingine akaenda kwenye mazungumzo. "Persuade" ina ukoo mwingine, "suadere", kushauri, ambao ni jamaa wa neno la Kilatini la utamu, "suavis". Mimi hukumbuka hivyo: mmoja anakushinda, mwingine anakupa kitu kitamu.

Dalili: "He is a man of big persuasion in the village"

Ushawishi wetu ni gunia kubwa. Mtu mwenye ushawishi kijijini ana "influence". Shirika linalofanya "ushawishi na utetezi" linafanya "lobbying and advocacy". Wale wa mitandaoni ni "influencers". Kishawishi ni "temptation", kama Wakatoliki wanavyosali, "usitutie katika kishawishi", na mwalimu mkuu anayeandika kwamba wasichana wanakutana na "many persuasions" njiani kwenda shule amekusudia "temptations". Kwenye habari za mahakamani, kushawishi rushwa ni "soliciting a bribe". Sheria ya Tanzania ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inatumia hilo neno la "solicit", na hapo hata anayeombwa asipotoa, kosa limeshatendeka. Unaona: hata sheria ilihitaji kitenzi cha juhudi, isingeweza kutumia "persuade".

"Persuasion" yenyewe ni kitendo au uwezo wa kukubalisha. Ukiikuta katika "people of every persuasion", ni watu wa imani zote au misimamo yote, hakuna anayemshawishi mtu.

Dalili ndogondogo za matamshi na herufi

Ni "per", siyo "pur", ingawa "pursue" inakuvuta. Jina lake ni "persuasion" kwa s, siyo "persuation". Kutamka: pa-SWEID, silabi mbili, uzito kwenye ya pili. Anayesema pe-su-a-de amesoma kwa Kiswahili, na ingekuwa lugha ya haki angekuwa sahihi.

Dalili ya upande wa pili: Kiswahili kinachomwacha msomaji hewani

Tatizo linarudi ukitafsiri kuja huku. "She persuaded the old man to sell" ikiwa "alimshawishi mzee auze", msomaji bado anasubiri. Je, aliuza? Malizia sentensi: "alimshawishi mzee akakubali kuuza", au "alifaulu kumshawishi". Vichwa vya habari havina nafasi ya maneno hayo, ndiyo maana "amshawishi" kwenye kichwa cha habari mara nyingi hakikuambii kitu mpaka uingie ndani.

Kuna pia harufu. Shawishi kwetu imekaa karibu na kishawishi, na karibu na rubuni na laghai. Daktari aliyem-"persuade" mgonjwa kunywa dawa hakufanya hila. Kwake ningetumia "alimwelewesha akakubali" au "alimbembeleza mpaka akanywa". Wakili aliyem-"convince" hakimu, "alimridhisha". Mfanyabiashara aliyekuuzia simu bovu, huyo mpe "alinishawishi", inamtosha.

Watafsiri wa zamani walilijua hili. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Paulo anawaandikia Warumi, sura ya 8, "I am persuaded" kwamba si mauti wala uzima utakaomtenga na upendo wa Mungu. Katika Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, imekuwa "nimekwisha kujua hakika". Hawakuthubutu kuandika kwamba mtume ameshawishika.

Mtaani kwetu tatizo limetatuliwa kwa njia ya mkato: "aliniconvince". Nimesikiliza sana, na watu wanaoichomeka hivyo katikati ya Kiswahili huitumia kwa maana ya Kiingereza kabisa, mtu alikubali. "Alinishawishi" inabaki kwa yule aliyejaribu. Wasafishaji wa lugha watanuna, lakini masikio ya mtaa yamegundua kwamba ni vitu viwili.

Barua ya pili ya mzee niliiandika bure, ilikuwa deni langu. Kabla hajaichukua akaniomba nimsomee kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, safari hii hataki mchezo. Nilipofika kwenye ile sentensi nikasoma: "Mara tatu walijaribu kunishawishi nisaini, na kila mara nilikataa." Akaninyoshea kidole.

"Hiyo 'walijaribu' umeitoa wapi? Mimi sikuiandika."

"Ni ya Kiingereza, mzee. Bila hiyo wanaelewa ulisaini."

Akanitazama juu ya miwani. "Kushawishi si ndiyo kujaribu kwenyewe?" Kisha akaikunja barua, akaitia mfukoni.